Mzee wa Mitambo: Mvumo wa zumari umepotelea wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mitambo. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Kilwa Masoko. Baba yangu yumo kwenye kamati ya msitu wa kijiji, na mpingo nimeukuta nyumbani tangu nazaliwa. Mwaka jana mgeni mmoja aliyekuja kuona msitu alinisikilizisha zumari ya mfuko ya Uskoti kwenye simu yake, akaniambia mabomba yake huchongwa kwa mpingo. Tangu siku hiyo sina raha mpaka niisikie. Nimepata redio moja ya huko kwenye intaneti, yenye kipindi cha zumari kila wiki saa nne usiku, na ili niweze kukirudia bila kula bando nimekuwa nikikirekodi: simu yangu inapiga, ya dada yangu naiweka pembeni inanasa. Lakini nikija kusikiliza, ule mvumo wa chini unapanda na kushuka kama mtu anayezama, halafu unakufa. Inabaki sauti kali peke yake. Simu ya dada ni mpya kabisa. Je, ni mbovu? Tena mwishoni mwa Machi nilifungua redio saa ile ile ya siku zote nikakuta kipindi kimeshakwisha. Nisaidie. – Kijana wa Kilwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu ya dada yako ni nzima. Inafanya kazi yake vizuri, ila kazi yenyewe si hii unayoitaka wewe. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Simu ikisikia sauti inayokaa pale pale bila kubadilika, kama feni ya darini, jenereta ya jirani au injini ya basi, inaihesabu kuwa kelele na kuanza kuifuta ili maneno ya mtu yasikike. Sasa iangalie zumari ya Uskoti. Vidole vya mpigaji vinacheza kwenye bomba moja la mbele, lenye noti tisa tu. Begani pake yamelala mabomba mengine matatu, mawili ya kati na moja refu la besi, na hayo hayana tundu la kidole hata moja. Yanavuma sauti ile ile tangu mpigaji anapougonga mfuko kwa mkono kuanza hadi wimbo unapokwisha. Kwa simu, hiyo ni jenereta. Ndiyo maana mvumo wako unapanda na kushuka: simu inaufuta, inasita, inaufuta tena.

Liko na la pili. Bomba la besi linatoa mitetemo karibu 120 kwa sekunde, na yale ya kati karibu 240. Spika ndogo ya simu haina kifua cha kutoa sauti nzito namna hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvumo haikutoka hata kwenye simu yako mwenyewe, kabla ya hiyo ya dada kuanza kufuta.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mvumo si pambo. Noti zile tisa zinapimwa juu yake: nyingine zikifika zinatulia, nyingine zinagombana nao, na ugomvi huo ndio unaomkaza msikilizaji kifua. Nimewaona wapigaji uwanjani Glasgow Green mwezi Agosti, siku ya mashindano ya dunia ya bendi za zumari, wakikaa muda mrefu kulinganisha mabomba kuliko muda watakaopiga mbele ya waamuzi. Kurekodi zumari bila mvumo ni sawa na kurekodi maulidi ukamwacha kila anayeitikia nje ya mlango.

Dawa ni moja: sauti isitoke hewani. Ichukuliwe humo humo ndani ya mashine. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 zina kirekodi cha skrini. Ukikifungua kitakuuliza unataka sauti ya wapi. Chagua sauti ya ndani ya simu, usichague kipaza sauti. Utapata faili la video ambalo picha yake huna haja nayo, lakini sauti itakuwa ile ile iliyoletwa na redio. Ziko programu zinazokataa kunaswa hivyo. Ikitokea, fungua redio kwa kivinjari badala ya programu yake. Zima milio ya ujumbe kabla ya kuanza, maana nayo inaingia. Na siku ya kusikiliza, usitumie spika ya simu. Visikilizio vya waya, hata vya bei ndogo, vitakuletea besi ambayo hujawahi kuisikia.

Kuhusu bando: mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula megabaiti 58 hivi kwa saa, na wa kilobiti 48 unakula kama 22. Redio nyingi zina yote mawili. Kwa taarifa ya habari ningekwambia chukua mwembamba. Kwa zumari, ukiweza, chukua mnene. Ulimi wa tete ulio ndani ya bomba la mbele unatoa sauti nyingi za juu juu kwa pamoja, na mkondo mwembamba unazifanya zisikike kama zinachemka. Rekodi mara moja kwa mkondo mnene, kisha sikiliza mara mia bila kulipa.

Sasa la saa. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Kipindi cha saa moja jioni kule, wakati wa baridi kinatufikia saa nne usiku, wakati wa kiangazi saa tatu. Ndiyo sababu Machi ulikuta kimekwisha, na Oktoba utakikuta bado saa nzima. Mimi mwenyewe, mwaka niliorudi Tanga baada ya miaka 11 Glasgow, nilitegesha kompyuta irekodi kipindi kilichokuwa na mpigaji niliyemtafuta muda mrefu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba. Asubuhi nilikuta saa nzima ya uchambuzi wa mpira wa miguu. Rekodi ile sijaipata mpaka leo, na bado inaniuma. Ziandike zile Jumapili mbili kwenye kalenda ya ukutani.

Wengi wananiuliza kuhusu BBC, kwa hiyo nijibu hapa hapa. Kipindi nilicholelewa nacho Glasgow kiliitwa Pipeline, cha BBC Radio Scotland, na mtangazaji wake kwa miaka mingi alikuwa Gary West, ambaye mwenyewe ni mpiga zumari. Nilikuwa nakisikiliza jikoni, mvua ya kule ikigonga dirisha, nami nikijifunza kutofautisha machi, wimbo wa gwaride, na reel, wimbo wa dansi ya haraka. Mwishoni mwa 2022 ilitangazwa kwamba kitaondolewa. Wapenzi wa zumari walipaza sauti, na mwaka uliofuata kikaja kingine mahali pake. Kwa aliye nje ya Uingereza, programu ya BBC Sounds ilifungwa mwaka 2025, kwa hiyo usipoteze bando kuigombania. Gary West sasa ana podikasti yake, Enjoy Your Piping!, na podikasti haihitaji kurekodiwa: unapakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya jamaa, unakwenda nayo nyumbani. Iko pia hazina inayoitwa Tobar an Dualchais, iliyofunguliwa kwenye intaneti mwaka 2010, yenye maelfu ya rekodi za zamani za Uskoti, pamoja na zile zilizokusanywa na School of Scottish Studies ya Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1951. Kuzisikiliza ni bure. Humo utawakuta wazee wakiimba nyimbo za zumari kwa mdomo, silabi kwa silabi, kwani hivyo ndivyo zilivyofundishwa kabla ya kuandikwa kwa noti. Wanaita canntaireachd. Anza na hizo. Ukizoea namna mzee anavyoivuta silabi, utaelewa kwa nini kidole kinachelewa pale kinapochelewa.

Na mgeni wenu alisema kweli. Zamani mafundi wa Uskoti walichonga kwa miti ya kwao, baadaye kwa miti migumu iliyoletwa na meli, na mpingo ukaishinda yote. Wewe unajua kwa nini: kiini chake kikitupwa majini kinazama. Mti mzito hivyo haunywi unyevu wa pumzi upesi, na tundu lililotobolewa ndani yake linabaki lilivyo. Niliwahi kuingia karakana ya fundi mmoja Glasgow. Sakafuni kulikuwa na vumbi lile lile jeusi la kuelekea zambarau ambalo nililijua kwa wachongaji wa Kimakonde pale Mwenge. Nilisimama pale nisiweze kusema kitu. Mwambie baba yako kwamba vijiji vya Kikole na Kisangi, vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao, nilivisikia vikitajwa na Waskoti kwa heshima.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi, naishi Dundee. Mwanangu wa miaka 13 amejiunga na bendi ya zumari ya mtaani na anataka nimhifadhie vipindi vya redio, lakini zamu zangu ni za usiku. Nimejaribu kurekodi kwa kompyuta na programu ya Audacity, ikaninasia saa nzima vizuri. Shida ni kukata. Nikiiambia ikate penye kimya, inanipa vipande viwili tu. – Mama wa Dundee

JIBU: Marahaba, mama. Wewe uko ndani ya Uingereza, kwa hiyo vipindi vingi vya BBC vinabaki kwenye Sounds kwa siku 30 na unaweza kuvipakua humo. Vikiisha muda vinatoweka, na ndiyo maana kurekodi bado kuna kazi. Sheria ya hakimiliki ya huko, ya mwaka 1988, inaruhusu kurekodi matangazo nyumbani ili uyasikilize saa inayokufaa. Haikuruhusu kuyagawa kwa bendi nzima, na mwanao naye aambiwe hivyo.

Audacity ina sehemu ya kutegesha muda. Weka ianze dakika tano kabla na imalize dakika kumi baada ya saa iliyotangazwa, maana mpira ukichelewa kwisha kila kitu kinasogea. Kwenye Windows chagua mfumo wa sauti uitwao WASAPI, halafu spika yako iliyoandikwa loopback. Hapo inanasa kinachopita ndani bila kipaza sauti. Kompyuta izuiwe kulala.

Kuhusu kukata, mashine inatafuta kimya ambacho hakipo. Zumari haina kimya. Mpigaji hawezi kusimamisha pumzi ya mfuko katikati, wala hawezi kupiga kwa sauti ndogo au kubwa. Akitaka kutenga noti mbili zinazofanana huingiza noti fupi mno kati yake. Kwenye mashindano atapiga machi, strathspey (dansi ya Kiskoti ya mwendo wa taratibu) na reel zikiwa zimefungana, na mvumo unapita chini yake kama sakafu moja ya vyumba vitatu. Kwa hiyo kata kwa sikio. Keti na mwanao, mpe yeye kalamu. Aandike dakika na sekunde ambapo mwendo unabadilika, ninyi mkate hapo. Hakuna mazoezi mazuri kuliko hayo kwa mtoto anayejifunza.

Wimbo mmoja usiukate kamwe: ule wa ceòl mòr, yaani muziki mkubwa. Unaweza kwenda dakika kumi, hata ishirini. Unaanza na ùrlar, neno la Kigaeli ambalo maana yake ni sakafu, kisha sakafu hiyo inajengewa juu yake zamu kwa zamu, vidole vikizidi wepesi, hadi mwisho ambapo mpigaji anarudi kwenye sakafu ile ile ya mwanzo. Ukiukata katikati mtoto hatajua amerudi wapi.

Na ile zana ya kupunguza kelele iliyomo kwenye Audacity, usiiguse. Itaufanyia mvumo kile ilichofanya simu ya Kilwa hapo juu. Jina la kila faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la wimbo na la mpigaji. Mtangazaji huyataja mara moja tu. Msipoyaandika leo, baada ya miaka miwili mtakuwa na faili 200 zisizo na wenyewe.

SWALI: Mzee wetu, hapa Muscat tuna zumari ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, tunaiita habban. Je, ni ile ile ya Uskoti? – Msomaji wa Oman

JIBU: Ni ndugu, si yule yule. Ya kwenu haina mabomba ya mvumo begani, na ni ya pwani za Ghuba, ya ngoma na harusi. Lakini Oman mnazo zote mbili: bendi za kijeshi za huko hupiga ile ya Uskoti, na wako wapigaji wanaoipiga wakiwa juu ya ngamia. Habban sijaisikia vya kutosha redioni. Ukienda harusini, usiirekodi kwa simu peke yake. Azima kirekodi kidogo kinachoruhusu kuzima urekebishaji wa sauti, usimame hatua saba au nane kutoka kwa mpigaji, upande usio na ngoma, na umuulize jina la wimbo kabla hajaondoka. Kisha niletee.