Debe Lenye Tumbo: Maadili ya Misri ya Kale Kwenye Kazi Zetu za Kila Siku

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka shikamoo. Kila asubuhi nazisoma zile sheria 42 za Maat, lakini nikifika kazini naona niko vilevile. Nifanyeje?" Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake. Sisi tunaopenda habari za Misri ya kale, tunaotaka kuishi kwa haki na bado mkono uende kinywani, wengi tumepitia mlango huohuo: picha ya unyoya na mizani, na orodha ndefu inayozunguka kwenye simu.

Mdogo wangu, kwanza acha kuzisoma kama amri. Hayo ni maneno ambayo marehemu alipaswa kuyatamka mbele ya waamuzi 42, huku moyo wake ukipimwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Sikuua. Sikuiba. Sikupunguza kipimo. Sikuwanyang'anya watoto maziwa vinywani mwao. Mungu Anubis yuko kwenye mizani, mungu Thoth anaandika matokeo, na pembeni anangoja Ammit mwenye kichwa cha mamba, tayari kuumeza moyo utakaoshindwa. Yote yamo katika sura ya 125 ya Kitabu cha Wafu, maandishi ambayo Wamisri walizikwa nayo, na nakala inayojulikana zaidi ni ya karani mmoja aitwaye Ani, ya yapata mwaka 1250 KK, iliyopo makumbusho ya British Museum, London.

Sasa sikiliza jambo ambalo wanaosambaza orodha hawalisemi. Hati nyingi za namna ile ziliandikwa kabla mnunuzi hajapatikana, nafasi ya jina ikaachwa wazi. Hata katika hati ya Ani jina lake limejazwa baadaye. Mtu aliweza kununua usafi wake ukiwa umeshaandikwa! Na kwa kujihami zaidi, maiti ilifungwa kifuani hirizi ya umbo la mdudu yenye maneno ya kuusihi moyo usisimame kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Nikisoma maneno hayo nawaelewa sana watu wale. Anayeuomba moyo wake unyamaze anajua fika umeona nini. Kwa hiyo ukizikariri sheria 42 asubuhi kisha ukaenda kufanya yaleyale, umenunua hati tu na kujaza jina lako.

Mimi aliyenisaidia ni mtu asiye na umaarufu huo. Anaitwa Amenemope, naye alikuwa ofisa wa mashamba na nafaka, yapata miaka 3,000 iliyopita. Alimwandikia mwanawe wa mwisho mafundisho yenye sura 30. Mimi nauza mahindi na maharage soko la Tandale, Dar es Salaam. Historia niliisoma chuoni kabla maisha hayajanipeleka sokoni, na nilipokutana tena na mzee huyu nikiwa tayari nina vumbi la magunia kichwani, nilishtuka. Sura ya 17 yote inahusu pishi, chombo cha kupimia nafaka. Anamwambia mwanawe asilijaze pishi mpaka limwagike na asiliache tumbo likiwa tupu, apime kwa ukubwa wake wa kweli. Asitengeneze pishi kubwa kupita kiasi. Asimkadirie mkulima kwa namna ya kumuumiza, wala asile njama na mpimaji. Anasema pishi ni jicho la mungu jua Ra mwenyewe.

Kama hujawahi kununua mazao kijijini huenda yakakupita. Aliyewahi ameshaelewa kwamba mzee anakataza lumbesa, yaani kujaza kupita kipimo bila kulipia.

Nilikuwa na mshirika, ndugu wa damu, mtoto wa baba mdogo. Mtaji tulichanga, njia za vijiji vya Mbozi, tulikonunua mahindi, yeye ndiye aliyezijua. Msimu wetu wa kwanza tulifika kijijini na madebe yake. Nililigeuza moja mikononi nikaona pande zote zimepigwa nyundo kutoka ndani mpaka bati limetuna, tumbo limetoka nje kama la mtu aliyeshiba. Ukilitazama kwa mbali ni debe. Ukilijaza, likatikiswa mahindi yakae, kisha juu ukaongeza kichuguu, unaondoka na sado nzima, lile kopo la kupimia, ya mwenzio bila kuilipia. Na magunia nayo mdomo uliongezewa kipande, ukashonwa kwa kamba mpaka gunia likawa na kichwa cha pili. Mama mmoja mtu mzima alisimama pale akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Alijua. Wote wanajua. Hawasemi kwa sababu ada ya shule inasubiri na gari la mnunuzi mwingine halijulikani litapita lini.

Nikasema tupime kwa mizani, kwa kilo. Ndugu yangu alicheka kwanza, akidhani natania. Alipoona nimeshusha mizani kwenye gari akanivuta kando: "Unataka utakatifu kwa hela yangu?" Tulirudi mjini hatusemezani. Baada ya hapo alichukua fungu lake la mtaji, akachukua na wateja, akaenda kuwaambia watu wa sokoni kwamba mimi biashara siiwezi, nimeharibiwa na vitabu. Pikipiki niliiuza ili nilipe kodi ya stoo. Binti yake alipoolewa nilisikia kwa watu. Huyo mtoto nimembeba mgongoni. Mengine nimeyaacha yapite, hilo la harusi bado linaniuma, na sioni sababu ya kujifanya haliumi.

Siku zile nilikuwa na maneno ya kumwambia, makali, nimeyapanga. Amenemope anasema lala kwanza ndipo useme. Nililala, nikalala tena. Ana mfano mzuri wa watu wawili: mwenye hasira ni mti uliooteshwa ndani ya nyumba, majani yake yanapukutika mara moja na mwisho wake ni kuni, mtulivu ni mti wa uwandani, unazaa maradufu, tunda lake tamu na kivuli chake kinapendeza. Ule ujumbe sikuutuma. Leo nikikutana naye tunasalimiana, na sina neno la kuomba radhi kwake. Hilo najivunia.

Msimu huu wakulima wa kijiji kilekile walinipigia simu wenyewe kabla hawajapukuchua, wakasema tunakusubiri wewe na mizani yako. Lakini usidhani nakuahidi faida. Misimu ya katikati ilikuwa mikavu na wenye madebe yenye matumbo walijenga nyumba mbele ya macho yangu. Kuhusu mali ya namna hiyo, mzee wetu anasema huota mabawa kama mabata bukini ikaruka mbinguni. Baadhi nimeshuhudia zikiruka. Nyingine bado zimetua, na mimi napima sawasawa hivyohivyo.

Kuna wanaoniuliza kama huku si kuabudu miungu ya mafarao. Mimi ni Muislamu, naswali, Anubis simfukizii ubani. Quran ina sura nzima inayofunguka kwa ole kwa wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin. Wakristo nao wanaijua mizani ya hadaa katika Mithali 11. Tena mwaka 1924 mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Erman, alionyesha jinsi Mithali kuanzia 22:17 inavyofanana na mafundisho ya Amenemope huyuhuyu. Mwenye hekima anayesema ukweli unaoujua tayari hakutoi kwenye dini yako.

Sasa wewe kijana. Umeniambia unafanya kazi sheli. Basi debe lako ni ile pampu. Achana na 42 kwa sasa, shika moja: mteja akisema lita tano, ziwe tano. Wewe fundi cherehani, kitambaa kilichobaki ni cha mwenye kitambaa. Wewe mwalimu, kipindi cha dakika 40 kifundishwe dakika 40, si kusaini na kuondoka. Wewe wa bodaboda, bei mliyokubaliana ndiyo hiyohiyo hata kama mgeni haijui njia. Pima sawa. Kesho pima sawa. Watu wanatafuta siri za piramidi, wanachoma udi, wanavaa shingoni ankh, ile alama ya uhai ya Kimisri, na chenji ya mtoto aliyetumwa dukani hawarudishi kamili! Mambo ya kiroho yanaanzia kwenye chenji hiyo. Jirekebishe hapo kwanza, ndugu yangu, kabla hujaniuliza habari za nyota na mahekalu.

Na kwa ninyi mnaodai watu, kuna sura ya 13. Ukimkuta maskini ana deni kubwa kwako, ligawe mafungu matatu, samehe mawili, moja libaki. Anasema ukilala na kuamka asubuhi utaliona kuwa habari njema. Nilikuwa namdai mama ntilie mmoja maharage ya muda mrefu, mume alikuwa amelazwa na biashara imeyumba, akawa anazunguka soko kwa nyuma ili asipite mbele ya stoo yangu. Nilimfuata, tukakaa kwenye gunia, nikafuta mafungu mawili kwenye daftari akiona. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, si ungesamehe yote tu?" Nikamwambia ukifuta lote unamgeuza ombaomba mbele yako, na atazidi kukukwepa. Fungu lililobaki linamruhusu aje dukani kama mteja. Alilipa kidogo kidogo, akamaliza mwezi uliopita, na sasa anachukua maharage kwa taslimu, kilo kumi kumi, na mizani anaiangalia mwenyewe.