Ukifika Caatinga, usimshike yule mjusi mdogo wa kwenye mashina

Nilikaa Petrolina, kaskazini mashariki mwa Brazil, mwaka na kitu kwa ajili ya masomo, na wikiendi nilikua nazama porini kwenye Caatinga, lile pori la miiba na vichaka ambalo kiangazi likipukutisha majani linabaki jeupe pee, na ndo maana Watupi, wenyeji wa asili wa Brazil, wakaliita hivyo, msitu mweupe. Huko nikamjua huyo mjusi, jina lake la kisayansi Lygodactylus klugei. Mdogo kweli, mwili sentimita 3 hivi ukiacha mkia, wa kijivu na kahawia kama gome lenyewe, na anatoka mchana, sio usiku kama mjusi kafiri wa ukutani kwetu.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilimziba na kiganja, akachomoka, nikabaki na mkia unachezacheza mkononi. Iliniuma zaidi nilipokuja kujua kwamba chini ya ncha ya ule mkia kuna sehemu ya kunata kama ya vidoleni, yani anaposhuka shina ule ni kama mguu wa tano, na mimi nimemkata.

Sasa wewe fanya hivi. Nenda asubuhi jua likishapanda kidogo, chagua mti mmoja wenye gome lililopasukapasuka, simama mbali kama hatua tatu, tulia. Usiuzunguke, maana na yeye atazunguka, mtafukuzana mpaka uchoke, bora muwe wawili kila mtu na upande wake. Atatokea mwenyewe kutafuta mchwa na vidudu. Magome usibandue kabisa, anataga mayai mawilimawili kwenye nyufa za namna hiyo. Alafu kukamata mnyama pori bila kibali kule ni kosa, ipo sheria namba 9.605 ya 1998.

Mimi ni mtu wa Morogoro na hili linanigusa, kwasababu ukoo wa Lygodactylus karibu wote uko Afrika na Madagaska, hawa wachache wa Amerika Kusini mababu zao walivuka Atlantiki, inaaminika kwa kuelea juu ya magogo. Ndugu yao yuko msitu wa Kimboza kwetu Morogoro, yule wa bluu wa kwenye mikadi, Lygodactylus williamsi, walimkamata sana kumuuza nje akawa hatarini kutoweka, mpaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukapiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Kwahiyo mtu akikuagiza umletee hata mmoja wa Caatinga, kataa.

Piga picha, zima flashi. Yule wangu nilimkuta tena wiki kadhaa baadae, shina lilelile, mkia umeanza kuota, kipande kifupi cheusi.