"Itakuwa vigumu kidogo"

Mwaka wangu wa pili kazini, mnunuzi kutoka Japani alisimama kwenye meza yetu ya kuonjea, Moshi, akafyonza kahawa kijikoni kwa ule mluzi wa waonjaji, akatema, akanyamaza. Tulikuwa tumempangia sampuli sita za AA, daraja la punje kubwa. Mwisho nikamuuliza kama tumpelekee makontena mawili kabla ya Desemba. Akavuta pumzi katikati ya meno. "Itakuwa vigumu kidogo," akasema.

Nikaenda mbio kwa bosi: mzigo umepita, kimebaki kitu kidogo tu. Tukaweka pembeni mifuko 640 ya kilo 60 kusubiri oda. Haikuja mpaka leo.

Nyie mnaoanza kazi ya kuuza kahawa nje, shikeni hili: Mjapani akikwambia vigumu, amekataa. Hiyo "kidogo" ni mto amekuwekea usiumie ukianguka. Na aibu yangu ni kwamba lugha hiyo nimekua nayo. Kwetu ni nani anayekwambia hapana usoni? Ukiomba mkopo unaambiwa "ngoja tuone mwisho wa mwezi". Ukipeleka posa mahali usipotakiwa, wanasema "tutakaa kama ukoo tulizungumze", na masika yanapita. Mtu wa miaka sitini ukimuuliza kama ana watoto anajibu "bado". Tunazielewa hapana zote hizo nyumbani, halafu tukikaa na mgeni tunamsikiliza neno kwa neno kama karani wa mahakama.

Wajapani wanaipenda kahawa yetu. Kwao arabika ya Tanzania iliyooshwa huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata kama imetoka Mbinga au Mbozi. Lakini jibu lao huchelewa, kwa sababu karatasi inazunguka idara moja baada ya nyingine na kila mmoja anaweka mhuri wake. Wana neno, nemawashi, lililotoka kwa watunza bustani: kuiandaa mizizi kabla ya kuuhamisha mti. Kwa hiyo kimya cha wiki tatu kisikutishe. Wakishakubali, mambo yanakwenda kasi, na tarehe mliyoandika haisogei. Wakikuuliza jambo lilelile mara tatu kuhusu dawa za shambani, usinune. Tangu 2006 sheria yao inataka mabaki ya kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake yasizidi sehemu 0.01 kwa kila milioni. Anayekuuliza ana bosi wake anayemuuliza.

Mjerumani ni habari nyingine. Barua pepe yangu ya kwanza kutoka kwa mnunuzi wa Hamburg haikuwa hata na "habari za kazi": "Unyevu 12.8%. Haikubaliki. Tumeni sampuli mpya." Nikajua tumempoteza. Nikamwandikia ukurasa mzima wa kuomba radhi, na salamu kwa familia. Akajibu: "Asante. Lini?" Alinunua kwetu miaka mingi baada ya hapo. Ugomvi wake ni na kahawa, wewe hujaguswa. Kitakachomkasirisha kweli ni kuficha. Sisi mzigo ukikwama bandarini tunakaa kimya tukiomba Mungu ukwamuke, ili habari ifike ikiwa njema. Yeye anataka kuijua siku ileile, mbaya hivyohivyo, apange upya.

Haraka haraka kuhusu siku na saa. Muscat wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Dubai walikuwa hivyo mpaka 2022, serikali ilipohamia nusu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ukiwa na mtu wa Muscat na mtu wa Hamburg kwenye dili moja, siku zenu za pamoja ni nne tu. Na ukimwandikia mgeni anayejua Kiswahili, taja saa kwa tarakimu za kimataifa. Tulimwambia mmoja "saa nane", akatusubiri getini tangu saa mbili asubuhi, na hakulalamika, jambo lililotuumiza zaidi.

Kwenye semina mtaletewa jedwali za tamaduni za Hofstede, yule Mholanzi aliyelinganisha majibu ya wafanyakazi wa IBM wa nchi mbalimbali miaka ya 1967 hadi 1973. Zisomeni. Ila sijawahi kuuza mfuko kwa jedwali. Nimeuza kwa watu, na kati yao kuna Mjerumani mwenye maneno mengi kuliko shangazi yangu.

Tulipopata meneja Mjerumani, kikao chake cha kwanza aliuliza mbele ya watu thelathini kama kuna mwenye pingamizi kuhusu kupakia Alhamisi. Kimya. Akaandika: wote wamekubali. Nje, mzee wa ghala akanishika mkono. "Ile safu ya nne haijakauka," akasema. Kwa nini hukusema? "Ameshasema mkubwa. Nimkosoe mbele ya vijana?" Tukapima unyevu: 13.1%.

Meneja alifoka, na nikakaa naye jioni nzima kumweleza. Siku hizi kabla ya kikao anakwenda ghalani saa nne na vikombe viwili vya chai, anaamkia shikamoo kwa lafudhi yake ile, anakaa juu ya palati na kuuliza, "Mzee, wewe ungefanyaje?" Chai ya mzee hupoa kabla hajamaliza kujibu.