Honda CG125 iliyolala bandani: usiogope injini, anza na kadi

Mkuu, umesema umeona Honda CG125 imelala bandani miaka mingi, kiki haishuki, na muuzaji anakwambia kadi ya umiliki "iko kwa kaka". Wengi wamekukatisha tamaa kwa sababu ya injini. Mimi ninaona tofauti. Injini iliyojam, yaani iliyokwama isizunguke, inatengenezeka, tena kwa spea zilizopo mtaani. Hiyo kadi iliyo kwa kaka ndiyo ya kuifuata kabla hujatoa hata shilingi ya kishika bei.

Yangu niliinunua Morogoro kwa watoto wa mwalimu mstaafu aliyekuwa ameshatangulia mbele za haki. Bei tulielewana siku ileile, lakini pesa nilitoa baada ya ukoo kukaa kikao, kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo kumthibitisha kwa Fomu namba 4. Ilichukua muda na watu walinishangaa. Lakini bila msimamizi, anayesaini mkataba hana mamlaka ya kuuza, TRA (mamlaka ya mapato) hawatabadilisha jina, na siku pikipiki inang'aa anatokea mtoto mwingine anadai chake. Kama mwenye kadi yu hai, mtafute yeye mwenyewe: kadi orijino, TIN (namba za mlipakodi) zenu wote wawili, mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Kadi ikiwa imepotea, yeye ndiye aende polisi kuchukua taarifa ya upotevu, si wewe.

Ukienda kuiangalia, chukua kitambaa chenye mafuta ya taa. Namba ya chasi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Futa grisi na vumbi mpaka chuma kionekane, kisha soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Angalia kama kuna alama za gurainda au weldingi kuizunguka. Namba iliyopinda au iliyogongwa kwa nafasi zisizolingana, ondoka. Namba ya injini iko chini upande wa kushoto, nayo ifanye hivyohivyo. Halafu lala chini utazame fremu kwenye viungio vya swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Fremu iliyoliwa na kutu humo ndani sikushauri uiguse, hata wakikupa bure.

Sasa injini. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo sevisi ni ya kubahatisha. Haina cheni ya taimingi: vavu zinasukumwa na fimbo kutoka chini, na kemshafti, shafti inayoamua vavu zifunguke lini, inazungushwa na gia. Wachina waliiga injini hiyo, na uzao wake umejaa kwenye pikipiki za Kichina tunazopanda. Ndiyo maana pistoni, ringi, vavu na sahani za klachi utazipata. Kipenyo cha silinda ya asili ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni 49.5. Nenda dukani na pistoni ya zamani mkononi, upime kwa vernia, upime na pini yake pia. Watakushawishi uchukue seti ya cc 150 yenye silinda ya milimita 62 kwa sababu mwendo ni uleule. Kataa. Ili iingie lazima mdomo wa kizimba cha injini uchongwe, na ukishachongwa huwezi kurudisha silinda ya asili.

Kuifungua iliyojam kunataka subira. Toa plagi, mimina oili iliyochanganywa na dizeli, iache ilowe siku kadhaa. Kisha weka gia ya juu kabisa, sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Usiruhusu fundi airukie kiki, atavunja meno ya ndani. Silinda ikiwa na michirizi inayokwaruza ukucha, peleka kwa mchongaji. Ovasaizi, yaani pistoni nene kuliko ya asili, zinapanda kwa milimita 0.25 mpaka 1.00. Nunua pistoni kwanza, mchongaji achonge kuifuata hiyo.

Kuna sehemu moja mafundi wengi wanairuka. Injini hii haina filta ya karatasi. Uchafu wa oili unarushwa na kunasa ndani ya kikombe kidogo kilicho kwenye ncha ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), nyuma ya kava la klachi. Nilipokifungua cha kwangu, tope jeusi lilikuwa limeganda ukutani, zito kama lami, nikalikwangua kwa kijiti cha mwanzi ili nisikwaruze chuma. Kikombe kikishajaa hivyo, uchafu unaendelea na safari hadi kwenye beringi za krenki, hata ukiweka oili mpya kila mwezi.

Kabureta ivue yote. Tundu la jeti ndogo, linalopitisha petroli injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta, lizibue kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma inalipanua, na hapo hutapata mngurumo uliotulia tena. Tangi lenye kutu: siki na kokoto ndogo, tikisa, suuza kwa maji ya magadi, kausha kabisa, kisha tia petroli yenye oili kidogo palepale kabla kutu haijarudi. Kama yako ni ile ya platini (vidude viwili vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche), zisafishe na urekebishe nafasi kabla hujanunua koili mpya.

Nembo za tangi, kava za pembeni, spidomita na boksi la cheni usitupe hata kama vimechoka. Injini utapata spea zake, lakini hivyo vya asili ni vigumu kuvipata. Rangi iwe ya mwisho, baada ya kuiendesha na kuhakikisha hakuna panapovuja.

Ikishawaka, mwaga oili baada ya kilomita 500 za mwanzo, na upime nafasi ya tapeti, juu ya vavu, injini ikiwa imepoa usiku kucha: milimita 0.08, kwa vavu ya kuingiza na ya kutoa moshi.