Nilidhani diklo inanipa nguvu, kumbe inanimwaga damu

Juzi usiku kaingia inbox dogo mmoja, fundi ujenzi wa Mbagala, anauliza habari za diklo, yaani diclofenac, kidonge cha kutuliza maumivu, "bro, diklo mbili kila asubuhi kabla ya zege, nikishakula si haina noma?" Nikacheka, alafu usingizi ukagoma, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka mitatu nyuma.

Wengi mnanijua kwa mtumba. Kipindi kile nipo soko la Karume, saa tisa usiku nishaamka kuwahi mzigo, belo la kilo 45 nalibeba mwenyewe ili nisimlipe kuli, na humu wote tunasaka hela kwahiyo hakuna wa kunishangaa. Mgongo ukikaza nashushia diklo ya miligramu 50 na chai ya rangi, baada ya muda nipo fresh. Mchana tena. Jioni mbili, na kichwa kikigonga naweka aspirini juu yake. Duka la dawa la mtaani hawajawahi kuniuliza hata siku moja, wananikatia kwa mkasi vidonge kumi, chenji hii hapa.

Siku moja choo kikatoka cheusi, kinanata, kinang'aa kama lami imemwagwa asubuhi. Nikasingizia mchicha. Wiki hiyohiyo napanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, katikati pumzi imekata, nikashika chuma naona giza. Kufika hospitali kipimo cha wingi wa damu kimeshuka mpaka 6, nikaongezewa chupa tatu, wakanipitisha kamera mdomoni mpaka tumboni, kidonda hicho hapo kinavuja, kumbe ule weusi wa choo ni damu yangu. Nyumbani shangazi zangu walishapitisha kwamba nimelogwa. Na mwenzangu wa meza, siku nne tu nimelazwa, kauza jaketi zangu zote na hela sijaiona mpaka leo. Ila sawa.

Dokta ndo alinifungua macho. Mwili ukiumia unatengeneza vitu vinaitwa prostaglandini, ndo vinavyokoleza maumivu na uvimbe, na kiwanda chake ni kimeng'enya kinaitwa COX. Diklo inakifunga hicho kiwanda, mgongo unanyamaza. Kwa aspirini siri hiyo aliifumbua mwanasayansi John Vane kule London 1971, akaja kupewa tuzo ya Nobel 1982. Tatizo prostaglandini hizohizo ndo zinalipatia tumbo ute wa kulikinga na asidi yake lenyewe, na ndo zinasaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Dawa haijui mgongo ni wapi na tumbo ni wapi. Aspirini nayo inazilemaza chembe za kugandisha damu mpaka mwili utengeneze mpya, kama siku 7 hadi 10, kwahiyo mimi nilijitoboa alafu nikazuia tundu lisizibe. Akili hiyo!

Sasa dogo, kula kwanza kunapunguza tumbo kuwaka, lakini kidonda hakizuii, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu inarudi tumboni kwa mlango wa nyuma. Ndo maana hata nyie mnaojidai mnachoma sindano hamjakwepa kitu.

Na figo usiulize. India tumbusi walikufa mpaka wakakaribia kuisha kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa na diklo, figo zikafeli, mpaka serikali ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006. Ndege anayekula mzoga uliooza na hadhuriki, diklo ikamshinda!

Kwahiyo msichanganye diklo na aspirini. Diklo miligramu 150 kwa siku ndo mwisho, na sio kila siku mwaka mzima. Una presha, una vidonda, una mimba, usiiguse bila daktari. Na msichanganye, narudia. Panadol, ndo paracetamol hiyo, ni mpole kwa tumbo ila ukipitiliza inaua ini, vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku ndo ukomo wa mtu mzima, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol humohumo, soma boksi. Mgongo unaouma kila siku unadai upumzike, mlipeni kuli jamani, mimi nilikuwa naokoa buku mbili nikaja kulipia kitanda.

Fundi wa Mbagala, inbox nimekuuliza choo chako siku hizi rangi gani, naona tiki mbili za bluu tangu juzi. Jibu.