Usiiuze laptopu, badilisha diski kwanza
Kaka, unataka kuiuza ukidhani imezeeka, ila laptopu ya 2012 yenye prosesa ya i5 kuchukua dakika tano kuwaka si uzee, inayoivuta nyuma ni hiyo diski ya kuzunguka. Nunua SSD (diski isiyozunguka) ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, kama cha diski uliyonayo, GB 240 inakutosha. Muuzaji hapo Ngamiani, Tanga, akikubembeleza uchukue NVMe, aina nyingine ya SSD, eti ndiyo ya kisasa, kataa. Ile ni kijibao chembamba kama bigijii, na mashine ya umri huo kwa kawaida haina tundu lake.

Kazi yenyewe ndogo. Hamisha mafaili yako, zima, chomoa chaja na betri, fungua kifuniko cha chini. Diski ya zamani mara nyingi imeshikwa na fremu ya bati. Toa fremu hiyo uifunge kwenye SSD, usikubali fundi aiache nje, maana SSD itachezacheza na mguso utaachia. Halafu weka Windows upya kabisa, ya nini kubeba takataka za miaka yote hiyo?

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiwa bado GB 4, ongeza zifike 8. Diski ya zamani kama nzima, inunulie kasha la USB utunzie picha.