Tusome kitabu gani? Majibu kwa wazazi, vijana na vikundi vya wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: kitabu gani kinafaa kwa kijana, na kipi kwa watu wazima wanaotaka kusoma pamoja. Nimechagua barua sita. Vitabu ninavyovitaja nimevisoma mwenyewe, vingi pamoja na watu wengine.

Mwanangu wa kidato cha pili anasema kitabu ni kitu cha mtihani. Nimpe nini? (Mama, Morogoro)

Mama, usimpe chochote kilichomo kwenye orodha ya shule yake, hata kiwe kizuri namna gani. Akikiona tu ataanza kutafuta dhamira. Mpe *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kikachapwa 1960, lakini bado kina moto wake. Mtu ameuawa, maiti imekutwa kwenye mzimu, kila mtu ana lake la kusema. Ndipo anapoingia mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, hana haraka, anauliza vitu ambavyo wenzake hawaoni vinahusu nini. Kijana wa miaka 14 atataka kumtangulia Bwana Msa kumjua muuaji, na hapo ameshanaswa. Akikimaliza kuna vingine vya Bwana Msa, kama *Kisima cha Giningi* na *Duniani Kuna Watu*.

Kiswahili chake ni cha Unguja, kwa hiyo maneno mawili matatu yatampiga chenga. Usimkatize kwa kamusi, mwache apite. Soma naye sura ya kwanza kwa sauti jioni moja, kisha kiache kitabu mezani uende zako jikoni.

Kama mambo ya upelelezi hayamvutii, mtafutie *Siku Njema* cha Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Wakenya wengi walikisoma shuleni, na wapo wanaokikumbuka kwa jasho la mtihani. Kwa mwanao kitakuwa kipya kabisa.

Shikamoo. Nina miaka 17. Rafiki yangu ameniazima *Rosa Mistika*, mama akakiona akasema si kitabu cha umri wangu. Nimrudishie? (Binti, Voi)

Marahaba binti yangu. Usimrudishie kabla hujazungumza na mama.

Mama yako hana kosa kuogopa. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Ndani yake kuna ulevi, kuna mimba kutolewa, na kuna binti anayejiua. Nakwambia mapema ili usikutane navyo usiku peke yako bila kujua.

Lakini kitabu hakimsifu Rosa kwa aliyoyafanya. Kinarudi nyuma hadi nyumbani kwao Ukerewe, kwa Zakaria, baba anayelewa na kumlinda binti yake kwa kipigo. Barua moja ya mvulana inatosha kumletea Rosa kipigo. Binti huyo hajawahi kufundishwa kuzungumza na mwanamume, amefundishwa kumwogopa tu. Akishatoka mbali na mkono wa baba, hana cha kumwongoza. Mimi naona hiki ni kitabu cha wazazi kuliko cha mabinti, na ndiyo maana nataka mkisome wawili. Mwombe mama akitangulie kwa sura tatu. Akikataa, msikilize, kisha umwombe tena ukifika miaka 18. *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed (1980) kinagusa kidonda hichohicho kupitia Maimuna, anayefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi. Hicho nacho kina makali yake, kwa hiyo kifuateni pamoja vilevile.

Tuko wanawake tisa. Tunakutana mara moja kwa mwezi, kila mara wawili tu ndio wamemaliza kitabu. Wengine wanaona aibu, wameanza kutokuja. Tufanyeje? (Dada, Mwanza)

Dada yangu, acheni kusoma nyumbani. Someni mkiwa mmeketi pamoja.

Nayasema haya kwa sababu kikundi chetu kilikaribia kufa kwa ugonjwa huohuo. Tulikuwa kumi, na mwenye duka, mwenye mtoto mchanga na mwenye zamu ya usiku hawawezi kumaliza kurasa 300 kwa mwezi. Tukabadilisha, tukachukua tamthilia. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, ni nyembamba na imeandikwa ili isemwe kwa mdomo. Tulikuwa na nakala tatu. Tukagawana wahusika, kitabu kikawa kinapita mkono kwa mkono.

Inaanza na wanawake wawili, mke wa Kitunda na mke wa Kinjeketile, wakizungumzia njaa. Wanaume wanatumikishwa kwenye shamba la Mjerumani, na nyumbani hakuna kitu. Sehemu ya mke wa Kitunda tulimpa fundi cherehani mmoja ambaye miezi yote ile alikuwa hasemi. Alisoma polepole, kidole chake kikitembea chini ya mstari, bado kina pete ya kushonea. Alipofika mwisho wa maneno yake hakumpa mwenzake kitabu. Alirudia mstari uleule, safari hii bila kuutazama. Chumba kizima kilinyamaza.

Jioni ile hatukumaliza, na hakuna aliyeona aibu, kwa kuwa wote tulikuwa ukurasa mmoja.

Halafu ipo ile sehemu ya mwisho ya kubishania. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vimeshaua watu, Kinjeketile amekamatwa, naye tangu kabla alishaanza kuyatilia shaka maji yake mwenyewe, yale watu walioambiwa yatawakinga na risasi. Wajerumani wanataka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Alifanya sawa? Watu walikufa wakiyaamini maji yale. Lakini akikana, mtoto atakayezaliwa kesho ataambiwa babu zake walipigania upuuzi. Sisi tulibishana hadi chai ikapoa, tukaendelea tukiwa tumesimama mlangoni na viatu mkononi. Mwezi uliofuata walikuja wote kumi.

Mkitaka hadithi badala ya tamthilia, chukueni *Kusadikika* cha Shaaban Robert (1951). Ni kifupi, na karibu chote ni kesi: Karama yuko kizimbani kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na mambo mema, wakaishia kuadhibiwa. Mjumbe mmoja kwa mkutano mmoja, mmepata nusu mwaka.

Kikundi chetu kina wazee waliotoka Zanzibar zamani na vijana waliozaliwa huku. Vijana wanasoma Kiingereza, wazee Kiswahili. Kuna kitabu kitakachotukutanisha? (Msomaji, Muscat)

Kipo. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika *Paradise* mwaka 1994. Ida Hadjivayanis amekitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Vijana washike cha Kiingereza, wazee *Peponi*, mkutane sura kwa sura. Ni habari ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Waombeni wazee wawaeleze vijana mambo ya misafara, ya madeni na ya watu waliokuwa wakikaa katika nyumba za matajiri bila kuwa huru. Katika familia za Unguja na Oman hayo ni mazungumzo mazito, na riwaya inaweza kuyafungua mahali ambapo swali la ana kwa ana lingewafunga watu midomo. Msiyakwepe.

Baada yake someni *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi (1999): Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anakimbia ndoa na kuingia katika Unguja ya siasa za kudai uhuru. Amil Shivji aliitengeneza filamu mwaka 2021. Itazameni mkishamaliza kitabu, si kabla.

Vitabu vya zamani haviko madukani. Mtu amenitumia PDF kwenye WhatsApp. Nisome? (Kaka, Dodoma)

Kaka, mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo mno, na hicho kidogo ndicho PDF ya wizi inachomnyang'anya. Nenda kwanza maktaba ya mkoa, au ukija Dar es Salaam pita Maktaba Kuu. Kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika pia utabahatisha. Mara nyingine kitabu kimechapwa upya na duka la jirani halijakiagiza tu. Muulize mchapishaji moja kwa moja.

Naanzisha kikundi cha vijana hapa mtaani. Niwaulize maswali gani wakishasoma? (Mwalimu mstaafu, Kibaha)

Shikamoo mwalimu. Weka pembeni fani na maudhui kwa saa moja hiyo. Waulize ni nani kwenye kitabu wangekataa kukaa naye daladala, ni ukurasa gani uliwachosha, na wangemwambia nini mhusika kabla hajafanya alilolifanya. Anayesema kitabu ni kibaya asijibiwe haraka. Mwambie afungue mahali penyewe, asome kwa sauti.

Kwa kuanzia nakushauri *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo (2002). Watoto wamefukuzwa shule, wanaishia jalalani kuokota chochote cha kuuza. Vijana wako wanawajua watoto hao kwa sura. Ukiweza, wape kazi: kabla ya mkutano wa pili, kila mmoja azungumze na mama ntilie mmoja wa jirani, amuulize anaamka saa ngapi na faida ya siku inakwenda wapi. Waje na majibu yaliyoandikwa, myasome kwanza, kisha ndiyo mfungue kitabu.